Shimo Juu ya Jiko

Mwezi uliopita watu wa huko Mkata walipanda juu ya nyumba inayoungua wakatoboa paa. Ndani hamkuwa na mtu. Hata kuku hamkuwamo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabarani, moto ukatoka kwenye lile shimo kama ulioitwa, cheche zikaruka, na nyumba mbili za majirani zilizoezekwa nyasi zikateketea. Walipoulizwa kwa nini walitoboa, wakajibu, "Mbona Misima walitoboa na mtu akapona?"

Misima ni kwetu. Aliyepona ni mwanangu Tatu. Nyumba ilikuwa yangu, na makosa mengi ya siku ile yalikuwa yangu pia. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa, asije mtu mwingine akashika shoka kwa habari aliyoisikia nusu.

Tulihamia hapa kijijini mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kati ya moja na nyingine pana hatua kama ishirini. Yangu niliijenga kwa miti na udongo, nikaiezeka kwa nyasi nzuri za bondeni. Mwaka uliofuata kaka yangu wa Korogwe akaniletea mabati. Fundi akaniambia, "Mama Tatu, tuteremshe kwanza hizo nyasi." Nikakataa. Bati tupu mchana linachoma, na mvua ikinyesha hamsikilizani humo ndani. Nikamwambia apigilie bati juu ya nyasi hapo hapo. Wengi tulifanya hivyo. Kiongozi akipita barabarani anaona bati linang'aa, anafurahi, na sisi ndani tunalala kwenye ubaridi wa nyasi zetu. Tulijiona wajanja sana.

Ilikuwa nyumba ndefu. Mlango wa mbele ulikuwa katikati. Ukiingia, mkono wa kulia ni jiko, na juu ya jiko uchaga wa mahindi, ili moshi uyalinde na fukusi. Mkono wa kushoto ni chumba. Kuta za ndani hazikufika juu. Moshi wa jikoni ulipita juu ya kuta ukazunguka nyumba nzima.

Tatu alikuja kujifungua kwangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Alimzaa Hamisa salama. Lakini mimi ni mtu wa hofu, na hofu yangu haikukubali kuisha. Nilisema hewa isimpige mzazi. Nikachukua mbao nikapigilia dirisha la chumba, na nyufa nikazikandamiza kwa magunia. Chausiku, jirani yangu, alinicheka.

"Mwenzangu, huyo ni mzazi au ni mahindi unayahifadhi?"

"Wewe cheka tu," nikamwambia. "Wako wamekua."

Sasa niwaambie habari za mkwe wangu, Hiza. Ni Mshambaa wa milimani, lakini anakaa Manundu, pale Korogwe, na anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha mkonge, sehemu ya kuchanulia nyuzi. Mle ndani vumbi la mkonge limejaa kila mahali na cheche moja inatosha. Kwa hiyo baadhi ya wafanyakazi wamefundishwa kuzima moto, na yeye ni mmojawapo. Hilo nililijua kwa kuambiwa. Mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Kwetu mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe ana kwa ana. Akija, anafikia kwa jirani, na maneno yanapita kwa mtu wa kati. Si ugomvi, ni heshima. Miaka miwili nilikuwa nikiona mgongo wake tu, naye bila shaka alikuwa anaona kanga yangu ikikata kona.

Jumamosi hiyo Hamisa alikuwa na siku ishirini na mbili. Mimi na Chausiku tulikuwa shamba la kijiji, tunapalilia. Saa sita ikapigwa, tukashika njia ya kurudi. Tulipofika karibu na shule mpya inayojengwa tukaona nyumba yangu inatoa moshi. Si moshi wa kupikia. Ulikuwa unachuruzika kutoka chini ya bati, pande zote, mzito na wa rangi ya manjano, kama nyumba inatoka jasho.

Nilitupa jembe nikakimbia.

Watu walikuwa wameshajaa. Wengine walikuwa wanarusha maji juu ya bati. Maji yote yalikuwa yanateleza na kumwagika chini! Moto ulikuwa umepanda kutoka jikoni, ukashika maganda ya mahindi kwenye uchaga, kisha ukaingia kwenye zile nyasi zangu nilizokataa kuziteremsha. Sasa ulikuwa unatambaa kati ya nyasi na bati. Hakuna aliyeweza kuuona, na maji hayakuweza kuufikia. Kisima chetu mnakijua kilivyo mbali. Madebe manne yalikuwa yamekwisha kumwagwa bure.

"Tatu yuko wapi?" niliuliza. Nikaita kwa nguvu, "Tatu!"

Ukuta wa chumba ukagongwa kutoka ndani. Mara tatu, chini kabisa, karibu na msingi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mdoe, alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Hiza alikuwa amefikia kwake asubuhi ile, amekuja na kikapu cha mapea kumtazama mwanawe. Sasa alikuwa mwisho wa pili wa nyumba anatazama moshi. Aliponiona nakimbilia mlango, alimgeukia Mzee Mdoe, akapaza sauti:

"Balozi! Mwambie mama asifungue mlango!"

Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Mimi sikuyasikia. Kelele zilikuwa nyingi, kina mama wanalia, mbuzi wanalia, na sikio moja la Mzee Mdoe ni zito tangu utotoni. Yeye alisikia "afungue". Akanigeukia akapiga kelele:

"Mama Tatu! Mkweo anasema ufungue mlango!"

Fikirini wenyewe. "Si" tu, sauti ndogo kama ya kumfukuza kuku, ndiyo iliyopotea kati ya mdomo wa mkwe na sikio la balozi. Nami nilikuwa nataka sana kuufungua. Nikausukuma.

Moshi haukutoka. Kwanza ulirudi nyuma, ndani, kama mtu anayevuta pumzi. Nilihisi upepo ukinipita miguuni kuingia. Halafu kule jikoni kukanguruma, na moto ukaja juu juu, chini ya nyasi, kuelekea mlangoni nilipokuwa nimesimama. Nyusi zangu ziliungua. Kanga ya kichwani ikashika moto, Chausiku akaivuta akaikanyaga.

"Nani kamwambia afungue?" Hiza alikuwa anapiga kelele. "Balozi, nani kamwambia?"

"Si wewe?"

"Nimesema asifungue! A-si-fu-ngue!"

Hapo nikaona jambo hili haliwezi kwenda hivyo. Mwanangu yuko ndani, na maneno ya kumwokoa yanapita kwenye sikio bovu.

"Mzee Mdoe, kaa pembeni," nikasema. "Hiza! Sema na mimi mwenyewe."

Hiza alitazama chini. Kisha akasema maneno yake ya kwanza kwangu:

"Mama, funga mlango."

Nikauvuta kwa upindo wa nguo, ukafungika.

Akanijia karibu, bado hanitazami usoni, lakini anasema haraka. "Tatu umemsikia?"

"Amegonga ukuta. Chini."

"Vizuri. Amelala chini, kwenye hewa. Chumba ni kile?" Akaonyesha mwisho wa kushoto. "Na jiko ni kule kulia?"

"Ndiyo."

"Na dirisha?"

Nikamwambia, "Nimelipigilia."

Hakunilaumu. Angeweza kunilaumu. Alisema, "Basi tunavunja ukuta. Lakini miti yake ni migumu, itachukua muda, na moshi unashuka. Mtu ndani anakufa kwa moshi kabla moto haujamgusa. Nataka nipande nifungue paa, moshi upande juu, apate pumzi mpaka ukuta uvunjike."

"Utaupa moto upepo!" akasema Mzee Mdoe. "Si umeona mlango?"

"Ndiyo, balozi, nitaupa. Utakuwa mkubwa kuliko sasa. Nyumba hii hatuipati tena, na cheche zitaruka kwa majirani. Na mimi mwenyewe naweza kuanguka humo. Kama ndani kungekuwa na mahindi tu, nisingepanda. Tungelinda nyumba za wengine tukaiacha hii iungue. Lakini kuna watu wawili ndani."

Nyinyi mnaosoma, hapo ndipo msimame kwanza. Watu wa Mkata hawakujiuliza swali hilo la nani yuko ndani. Hiza alijiuliza kabla hajashika ngazi.

Nikamwambia, "Basi panda. Toboa hapa, juu ya chumba, mwanangu apate hewa."

"Hapana, mama. Natoboa juu ya jiko."

"Jiko la nini? Mtoto yuko huku!"

"Moto unafuata shimo. Nikitoboa juu ya Tatu, namwitia huo moto."

Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka kumpiga. Moyo wa mzazi unaona mtoto anakosa hewa upande huu, na mtu anakwambia atafungua upande ule. Niliinua mkono kabisa. Lakini nyusi zangu zilikuwa bado zinanuka, na nikaona tena ule moto ulivyotoka jikoni ukaja mlangoni, kwa sababu mimi niliufungulia. Uliacha kila kitu ukanifuata mimi.

"Nenda juu ya jiko," nikasema.

Akachota vumbi kwenye kiganja akaliachia. Upepo ulikuwa unatoka upande wa chumba kuelekea jikoni. "Afadhali," akasema. "Utausukuma mbali naye." Kisha akaanza kugawa kazi, na watu wakamfuata kama vile ndiye mwenyekiti. Mzee Mdoe na vijana wa mgambo waende nyuma ya chumba na majembe, wabandue udongo, wakate miti, lakini wasipenyeze mpaka aseme, moto usije ukavutwa huko. Chausiku na kina mama waloweshe magunia, wapande kwenye paa la Chausiku, maana liko upande upepo unakokwenda. Maji yote yaliyobaki yaende huko. "Asirushe mtu maji kwenye bati," akasema. "Bati haliungui."

"Nyumba yangu inaungua kwa ajili ya yako, Mama Tatu," Chausiku akanipigia kelele huku anapanda.

"Bado haijaungua!"

"Basi niombee!"

Pale shuleni palikuwa na ngazi mbili za mafundi. Moja ikaegemezwa ukutani, nyingine Hiza akailaza juu ya bati, ili uzito wake usikae mahali pamoja. Akaomba kata ya maji. Alipofika juu alimwaga kidogo kidogo. Mahali yalipotiririka aliacha; mahali yalipokauka na kufuka papo hapo alijua moto uko chini yake, na hapo hakuweka mguu. Ngazi ya chini ilihitaji mtu wa kuishika, na wanaume wote walikuwa ukutani. Nikaishika mimi. Kisigino cha mkwe wangu kilikuwa mbele ya uso wangu. Kama mama yangu marehemu angeniona angezimia.

Shoka likapiga. Bati likalia. Akalichana, akalikunja kama karatasi, moshi ukampiga usoni. Lakini chini ya bati kulikuwa na nyasi, na bila kuziondoa shimo lisingekuwa shimo. Zile nyasi zangu!

"Nipeni upembo!" akaita. Nikampa ule wa kuangulia mapapai. Akachoma, akavuta, akachoma tena, na mara ya tatu nyasi zikazama ndani.

Jamani, moto ulipanda pale urefu wa mtu na nusu! Hiza akajitupa nyuma juu ya ngazi yake. Watu wakapiga mayowe.

"Kamaliza! Mshambaa kaua mtoto wa watu!"

"Mteremsheni!"

Cheche zilipita juu yangu kama nzige. Nyasi za Chausiku zikashika mahali pawili, nikasikia magunia yanapiga pa, pa, pa, na Chausiku anatukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nilifumba macho. Nilisema moyoni, nimemruhusu, nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu.

Nilipofumbua nikatazama upande wa chumba. Tangu nifike, moshi wa manjano ulikuwa unachuruzika chini ya bati pale. Sasa ulikuwa umepungua. Ukapungua tena, ukakatika. Badala ya kutoka, niliona majani makavu yaliyoning'inia penye upenu yanavutwa kuingia ndani. Nyumba ilikuwa inavuta hewa kutoka upande wa Tatu na kuitema juu ya jiko.

Na kutoka chini ya ukuta nikasikia kikohozi. Kidogo sana. Si cha mtu mzima.

"Hiza!" nikaita. "Mtoto amekohoa!"

"Penyezeni!" akapiga kelele kutoka juu. "Balozi, penyezeni sasa!"

Safari hii Mzee Mdoe alisikia. Majembe yakapiga pamoja, udongo ukamwagika, shoka dogo likakata mti mmoja, wa pili, na mkono ukatokea. Mkono wa Tatu, mweusi kwa masizi, umeshika furushi la kanga. Kijana mmoja wa mgambo akalipokea akanipa. Hamisa alikuwa amefunikwa uso kwa nguo iliyoloweshwa maji ya kunywa. Tatu aliyamwaga yote kwenye nguo ya mtoto. Miti miwili zaidi ikakatwa, wakamvuta Tatu kwa makwapa. Alikuwa hai. Hakuweza kusema, lakini alinyoosha mkono kutaka mtoto.

"Wametoka!" nikamwambia Hiza. "Wote wawili! Shuka!"

Alikuwa anashuka wakati miti ya paa upande wa jiko ilipokatika. Ngazi ya juu ikainama, bati likazama, naye akateleza nalo. Ncha ya bati ilimchana pajani na joto likamchoma shavu la mguu. Akaniangukia mimi, tukaenda chini wote wawili, mkwe na mama mkwe, mbele ya kijiji kizima.

Mzee Mdoe akasema, "Basi. Heshima yote imeteketea leo, pamoja na mahindi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka huku nalia, na Hiza akaomba radhi mara kumi kabla hajainuka.

Nyumba iliungua yote. Ya Chausiku ilipoteza kipande cha paa, tukakiezeka siku ya pili. Tangu hapo kijijini kwetu wenye bati juu ya nyasi wameanza kuchagua, nyasi tupu au bati tupu. Wengine bado wanabisha, na joto linawapa hoja. Na mimi sisemi mtoboe, wala sisemi msitoboe. Nasema ulizeni kwanza nani yuko ndani, na yuko upande gani. Ulizeni upepo unakwenda wapi na nani yuko mbele yake. Muwe na watu tayari ukutani, maana shimo bila watu wa kuokoa ni kuupalilia moto tu. Na asiyejua akae chini, aloweshe nyumba ya jirani. Hiyo nayo ni kazi ya kuzima moto, na Chausiku ana makovu ya kuthibitisha.

Lakini siku ile kwangu haikuisha pale uwanjani.

Lori la kijiji lilitupeleka zahanati. Mganga msaidizi akamsikiliza Tatu kifua, akasema koo limeungua kidogo, litapona. Mguu wa Hiza ukafungwa. Kwa Hamisa alisikiliza muda mrefu zaidi.

"Moshi umemchosha," akasema. "Akinyonya kabla ya jua kuzama, sina wasiwasi. Asiponyonya, lazima afike hospitali Korogwe leo leo."

Tulimweka kwa mama yake. Alikataa ziwa. Tukangoja, akakataa tena. Saa kumi ikapita. Nje lori lilikuwa linangoja, dereva anapiga honi kidogo kidogo kama mtu anayekohoa kwa adabu.

Hiza alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mimi mwisho mwingine. Kati yetu hapakuwa na mtu.

"Hiza," nikamwambia, "wewe unaonaje?"

Alifikiri. "Barabara ina vumbi, mama. Na mashimo. Mwendo wa saa tatu kwenye vumbi kwa kifua kile, sipendi. Lakini nikikaa hapa jua likazama, hilo pia silipendi."

"Na mimi hivyo hivyo."

"Tuseme jua likigusa ule mti pale nje, tunaondoka. Tutamfunika kwa nguo ya maji. Nitakaa naye mbele kwa dereva, madirisha yamefungwa."

Siku nyingine zote ningesema hapana, haondoki mtoto mchanga kabla ya arobaini, haendi safari, hapigwi hewa. Nilisema, "Sawa. Na akifika Korogwe abaki Manundu kwenu, mpaka nipate pa kuwaweka. Tatu pia."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Utakuja naye, mama?"

"Nitakuja kumkanda. Wewe unajua kukanda mzazi?"

"Sijui."

"Basi unauliza nini?"

Tulikuwa bado tunatazama ule mti wakati Tatu alipotuita kutoka ndani, kwa sauti iliyokwaruza, bila maneno. Niliingia. Hamisa alikuwa ameshika ziwa. Alinyonya mara mbili, akaacha, akakohoa, akatoa kamasi jeusi. Tatu akamfuta. Akashika tena. Nikainama mpaka sikio langu likakaribia shingo yake, nikamsikia anameza.

"Anameza?" Hiza aliuliza kutoka mlangoni.

"Anameza," nikamjibu. "Njoo usikilize mwenyewe."